Miwani Moja, Saini Mbili

Mama Cherehani, kama majirani walivyomwita, alikuwa na mkono mwepesi na macho mazito. Nyumbani miwani ilikuwa moja tu, waliyotumia kwa zamu yeye na mumewe seremala. Mwenye kazi ya karibu ndiye aliyeivaa. Mwingine alingoja, akitania.

Siku walipoweka nyumba rehani, afisa mikopo aliwasukumia nakala moja ya masharti. Seremala akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaitikia kwa kichwa.

"Shwari, mke wangu. Weka saini."

Akaweka.

Kisha riba ikapanda, ikapanda tena, hadi tangazo la mnada likabandikwa mlangoni. Mama Cherehani akafungua kesi, kwani sheria ilitaka kila mkopaji apewe nakala yake na aelezwe, kabla ya kusaini, kwamba riba yaweza kupanda.

Mahakamani, wakili wa wakopeshaji alikuwa na ulimi wa asali. "Mama, si mumeo alikusomea?"

Mama Cherehani akapima jibu lake. Akisema ndiyo, nyumba inakwenda. Akisema hapana, anamvua nguo mzee wake mbele za watu.

"Msimtese mke wangu!" Seremala alisimama kwenye viti vya nyuma.

"Mzee, njoo useme huku mbele," hakimu alimwambia.

Akaenda, kofia mkononi. "Sikusoma, mheshimiwa. Yale maandishi ni mayai ya chawa. Hata na miwani sikuona kitu. Niliona haya kumwambia yule kijana wa mikopo."

"We mzee!" Mama Cherehani alisahau yuko wapi. "Na kile kichwa ulichokuwa ukitikisa kama mjusi ukutani?"

"Ningefanyaje, mama watoto? Watu walikuwa wananitazama!"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, alimgeukia afisa mikopo. "Nakala ya mama iko wapi?"

"Tulitoa moja, mheshimiwa. Ni mume na mke, kitu kimoja."

"Mbona saini mlichukua mbili?"

Mnada ukazuiwa, na wakopeshaji wakaamriwa waanze upya: wawaeleze wote wawili, kila mmoja na nakala yake, kwa masharti ya riba ile ya mwanzo.

Njiani Mama Cherehani alitangulia. Seremala alimfuata nyuma kama aliyetumwa, na walipofika akabaki nje, hajui pa kuweka mikono.

"Ingia basi, baba watoto," alimwambia. "Nyumba ingali yetu. Ugomvi wetu tutaumalizia ndani."