Jovitha Aliyekataa Kusugua

Huku Buganguzi mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Mgeni akiingia jikoni, hata kabla ya salamu kwisha, macho yameshapanda ukutani kuangalia kama zinang'aa. Kwa kipimo hicho Jovitha alikuwa mchafu kuliko sisi sote, na mimi ni mmoja wa waliomsema. Nilimsema sana.

Nje sufuria zake zilikuwa safi. Ndani zilikuwa na weusi wa kijivu ambao hakuruhusu mtu auguse. Kabla ya kuolewa alikuwa akiosha vyombo vya maabara katika shule moja ya Bukoba mjini, na mwalimu wa kemia aliyeitwa Gamaliel alimwonyesha kitu. Alitumbukiza kipande cha alumini katika maji ya moto ya majivu, kikaanza kutoa mapovu. "Kinaliwa hicho," akamwambia. Alumini huvaa ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Ukichemsha maji humo mara nyingi, ngozi hunenepa na kuingia weusi. Ukiikwangua, alumini hujivika nyingine papo hapo, lakini huishona kwa kujimega yenyewe.

Sasa sisi tulikuwa tukisugua kwa kitu gani? Kwa stilwaya na majivu ya maganda ya ndizi!

Mama mkwe wake, Magdalena, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake wa kigango, chenye sufuria kubwa za harusi na misiba. Miaka sita iliyopita tulinunua mbili mpya siku moja. Moja Magdalena aliichukua kwake, akawa anaisugua kwa mkono wake kila ikitumika. Nyingine ilibaki stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Jovitha. Mnajua ile ya stoo ilivyokuwa ndani.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya sherehe ya kumkaribisha padri mpya, Magdalena aliitisha kikao. Sufuria zote mbili ziliwekwa uani. Ya kwake ilitutia kiwi. Ya stoo ilituaibisha.

"Jovitha," alisema, "ama usugue sasa hivi mbele yetu, ama uweke ufunguo hapa."

Sote tulijua maana yake. Akiuweka ufunguo ule, hakuna ambaye angekula tena chakula cha mikono yake, si msibani wala harusini. Nilimwonea huruma, lakini nilinyamaza. Uoga ni kitu kibaya.

Jovitha alisimama, akatanguliza neno letu la heshima. "Mama, waitu, nakuheshimu. Sisugui. Na ufunguo siutoi."

Akainua sufuria ya Magdalena, akaigeuza chini juu kuelekea jua la saa saba. "Ingiza kichwa, mama. Utuambie unaona nini."

Magdalena aliingiza kichwa kwa hasira. Akakaa humo muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

"Vitundu, kama vya ncha ya sindano," sauti ikatoka ndani ya sufuria. "Saba. Nane."

"Na hii ya mchafu?"

Akaingiza kichwa katika ile nyeusi. "Giza," alisema, akatoka akijifuta uso. "Sasa ile yangu… atakuwa mtu kaitoboa kwa msumari."

"Msumari gani una subira ya miaka sita, mama? Ni mkono wako na majivu yako."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Magdalena aliketi. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Na wageni watasema nini?"

"Wageni wanakuja kula ebitoke, ndizi zetu. Hawaji kulamba sufuria."

Ufunguo ulibaki kiunoni kwa Jovitha, na padri alipikiwa katika ile nyeusi.

Jioni ya kikao kile nilitoa ukutani sufuria ninayojivunia, aliyonipa marehemu mama siku ya harusi yangu. Niliiinulia jua lililokuwa likishuka. Nilihesabu hadi kumi na moja, nikaacha, nikalia. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikiimaliza zawadi ya mama yangu kwa mikono yangu, ili watu wasiniseme.

Sufuria zangu zilizobaki sasa ni nyeusi ndani. Anayetaka kuzikagua aje, mlango uko wazi.