Watoto Waliomlilia Baba Aliye Hai

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mwanzoni mwa miaka hii ya tisini Kosele nzima ilisagia mahindi kwangu. Mashine mbili, nyumba ya mabati, na gunia nabeba peke yangu. Nani mwingine?

Mke wangu alipofariki, kifua changu nacho kikaanza. Kikohozi, jasho la kulowesha godoro, halafu damu. Mbavu zikahesabika. Watu wakasema ni chira, eti nimevunja mwiko. Nikanywa mizizi hadi nikashindwa kusimama.

Binti yangu Atieno alikuwa na miaka minane, Omondi mitatu. Ndugu yangu Ouma akasikia kuna makao ya watoto huko Migori, lakini yanachukua yatima pekee.

"Sema nimekufa," nikamwambia.

"Omera, ndugu yangu, hayo hayasemwi."

"Sema. Kwani nimebakisha nini?"

Akawachukua watoto, akawaambia wao na makao kuwa nimekufa, wakapokelewa. Aliporudi akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali. Daktari akapima makohozi yangu. "Mzee, hii ni TB. Chira haionekani kwa darubini."

Sindano kila siku, miezi miwili. Makalio yakawa magumu kama ubao. Baadaye vidonge. Vijana walikimbia sindano zile, mimi sikukosa hata moja. Nikapona.

Nikaenda Migori nimevaa koti langu. Mama mlezi akafungua faili. "Hapa wewe ni marehemu. Lete barua ya chifu."

Nikaileta. Watoto wakaitwa. Omondi akajificha nyuma ya dada yake.

"Huyu ni baba yenu," mama mlezi akasema.

Atieno akaniangalia. "Baba alikufa. Nililia, nikaomba ninyolewe nywele kama desturi yetu."

"Ni mimi nilisema hivyo, binti yangu. Ili mpate kula."

"Ungeniambia mimi ukweli. Ningenyamaza."

Hapo sikuwa na barua ya kumwonyesha.

Niliwatembelea mara nne kabla ya kuruhusiwa kuwachukua. Omondi sasa ananiita baba. Atieno anapika, anafua, haniudhi kwa lolote. Ananiita Mzee, kama wateja wa mashine wanavyoniita.

Namshukuru Mungu, daktari na Ouma. Wewe unayekohoa wiki ya tatu, nenda hospitali, achana na maneno ya chira. Na watoto wako waambie unaumwa. Usiwape msiba kabla haujafika.

TB niliishinda. Atieno bado namngoja.