Bukari ya Wageni

Sisi watatu tuliokuwa kamati ya kulinda watoto hatukuwa na mshahara wala kiti. Tulikuwa na fishi tu, karatasi alizotuletea profesa wa chuo kikuu kutoka Lubumbashi. Kila mwezi twende kwenye nyumba ya yatima, tuangalie, tujaze, tutie sahihi sote watatu, naye azipeleke kwenye ofisi inayosimamia nyumba zile. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule iliyofungwa, kwa hiyo kalamu nilipewa mimi. Nikavimba kichwa, sikatai.

Profesa alitukaririsha jambo moja: "Muandike tu kile macho inaona." Hakutufundisha la kufanya na mdomo.

Maana kwetu mgeni haanzi kuuliza kabla ya kula. Kila tulipofika, mama msimamizi alitukalisha, akaleta maji ya kunawa, kisha bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, mara moja hata samaki. Kukataa chakula cha mtu ni kumwita mchawi mbele ya watu. Tukala. Mwaka ule mjini watu walikuwa wanakunywa uji wa pumba, na mimi, niseme ukweli, niliingoja Jumamosi ya ziara kuliko misa. Halafu nikajaza: Chakula kipo. Macho yangu yalikuwa yamekiona.

Mtoto mmoja wa kike, wa miaka kama saba, alizoea kusimama mlangoni tukila. Siku moja nilimega tonge nikampa. Hakulipokea. Alihakikisha kwanza kwamba msimamizi yuko jikoni, akaninong'oneza:

"Mama, mutarudia tena?"

"Ndiyo, mwezi ingine. Juu ya nini unauliza?"

"Juu kama munakuya, siye tunalalaka na njala."

Tonge likanishinda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Sisi tulikuja, wenyeji wakakonda.

Nikatoa fishi pale pale, nikaandika: Tumekula chakula cha watoto. Wenzangu, mzee wa parokia na mke wa fundi wa kiwanda, wakasoma, wakaangalia sahani. Hakuna aliyeshika kalamu. Msimamizi alitoka jikoni, akasoma na yeye, akaketi.

"Andika, mama. Ofisi itafunga nyumba. Batoto bataenda wapi, ku gare?"

Stesheni tuliijua. Ilikuwa imejaa familia za Wakasai waliofukuzwa mkoani kwetu, zikingoja treni ya kuwarudisha kwao wiki baada ya wiki, na karibu kila asubuhi palizikwa mtoto.

"Basi hatutakula tena hapa," nikasema.

"Kama munakatala bukari yangu, batu batasema mie muloji. Nani ataniletea tena unga ya batoto?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, profesa na fishi zake, na tumbo langu zaidi. Niligeuza maneno kichwani huku na huku, na kila nilikogeukia nilimkuta yule mtoto. Mwisho nikaichana karatasi, nikachukua nyingine, nikaandika Chakula kipo. Sahihi tatu zikapatikana upesi.

Mwezi uliofuata tulienda tena. Tulikalishwa, tukanawa. Nilimega tonge dogo kuliko yote niliyowahi kumega. Mtoto alikuwa mlangoni, anaangalia mkono wangu.

Nikala.