Mfumaji Aliyegeuka Kupokea Kijiti

Hilda Entwistle aliingia kiwanda cha nguo cha Burnley akiwa na miaka kumi na mitano. Siku ya michezo ya wafanyakazi akawaacha wenzake kwenye mataa, na tangu hapo, miaka ile ya hamsini, wasichana wachache walimshinda mbio za mita mia.

Alipoingizwa kwenye timu ya mbio za kupokezana, tatizo lilikuwa kijiti. Anayepokea hukimbia akitazama mbele. Mwenzake akikaribia humwita, naye hunyoosha mkono nyuma. Hilda alizoea kugeuka. Miaka minane ya kelele za mitambo ilikuwa imemharibu masikio, na kule kiwandani watu walisomana midomo, wakasengenyana wee mpaka saa ya chai. Kwa mfumaji, kuitwa ni kutazama.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya Ubelgiji aligeuka tena mazoezini, kijiti kikaanguka.

"Ukigeuka mara nyingine, Ubelgiji utaisikia redioni," kocha Clegg alimwambia.

Hilda aliona aibu, tena aibu ya kweli. Hata hiyo redio asingeisikia vizuri.

Joyce Pargeter, karani wa London aliyekuwa akimpa kijiti, alisimama ng'ambo ya uwanja akimnong'oneza mwenzake.

"Ng'ombe ni wewe na ukoo wako!" Hilda akapaza sauti.

Joyce akaja mbio, uso umemwiva. "We! Umenisikiaje kutoka huko?"

"Sikukusikia. Nimekuona mdomo." Na kwa kuwa maji alikwisha kuyavulia nguo, akaongeza: "Sisikii, Joyce. Clegg akijua ataniacha."

"Mjinga wewe, si ungesema! Basi usinisubiri nikuite. Nitazame; nikikanyaga alama ya chaki, geuka mbele uondoke. Hesabu hatua saba, toa mkono. Nitakuwepo."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo, bwana!"

Ubelgiji, Hilda alihesabu saba akatoa mkono bila kutazama, roho mkononi. Kijiti kikatua kiganjani. Wakawa wa pili.

Clegg, aliyekuwa bahili wa sifa, akamjia kwa nyuma. "Umekimbia vizuri, binti."

Hilda akaendelea kufungua viatu.

"Nasema umekimbia vizuri!"

Joyce akamshika Hilda mabega, akamgeuza. "Rudia, bwana kocha."

Clegg akawatazama wote wawili, akaelewa. Hilda akamkazia macho mdomoni.

Mzee akafungua mdomo vizuri, polepole: "Jumamosi tuna mbio Leeds. Usichelewe."