Shuka Jeupe la Ukurasa wa Mwisho

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na kazi yangu naijua. Ndiyo maana fundi cherehani wa mtaani kwetu Mafiga aliponiambia anatamani tuwe tunasoma riwaya pamoja Jumamosi jioni, wanawake watupu, sikusita. Mimi nilileta kitabu, yeye akatoa kibaraza cha duka lake na chai ya tangawizi. Wa tatu alikuwa nesi, Mkatoliki aliyehamia kutoka Mbeya. Wa nne ni jirani yangu, Mluguru wa juu kule Mgeta, ambaye mumewe, dereva wa lori la mboga, alikuwa amefariki. Eda alishamaliza, lakini bado alikuwa anashinda ndani. Nilimfuata mwenyewe nikamtoa.

Tulisoma kwa sauti, kwa kupokezana. Jirani alisikiliza tu. Tukimpa kitabu anasema macho yanamuuma, nasi hatukumbana.

Riwaya yenyewe ilihusu mwanamke aliyefiwa na mume akabaki ukweni. Kuanzia katikati ya kitabu, mwandishi hamtaji bila shuka jeupe: mara amejitanda, mara analikunja, mara amelikalia. Ukurasa wa mwisho analifua, analianika kambani, kisha anafungua mlango wa uani. Kitabu kinaishia hapo.

Nesi akawahi. "Nyeupe ni usafi. Kwetu mtoto akibatizwa anavikwa nyeupe, bibi harusi naye nyeupe. Huyu anaanza maisha upya."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Nesi, mimi nimekata sanda nyingi juu ya meza hii. Nyeupe ikirudiwarudiwa namna hiyo, kuna mtu anaondoka. Huyu mama anakufa, ila mwandishi kaona vibaya kutuambia."

Wakanigeukia mimi. Watu wakishajua wewe ni mwalimu, wanangoja uwape jibu moja kama la hesabu. Sikuwapa. Niliwaambia ninachowaambia wanafunzi wangu kila mwaka: rangi haisemi peke yake, wala bundi, wala mvua, wala njia panda. Msomaji anafika kitabuni na vya kwao, na hiyo ni haki yake. Lakini akishadai maana, arudi kwenye maandishi aonyeshe inakokaa.

"Nionyesheni," nikasema.

Nesi alipekua, hakupata mahali mwanamke yule alipotenda ovu la kusafishwa. Fundi akapata. "Huyu hapa, anakohoa."

"Alikuwa anapikia kuni mbichi," nesi akamjibu, tukacheka.

Ndipo jirani akanyoosha mkono. "Naomba hicho kitabu, mwalimu."

Akafungua katikati, akasoma polepole, mara yake ya kwanza. Mwanamke hatoki uani. Manukato yake amempa wifi yake. Maji analetewa mlangoni. Alipomaliza akaweka kidole pale aliposoma.

"Huyu yuko eda. Neno lenyewe mwandishi hakuliandika, lakini ndivyo tunavyokaa. Amelifua shuka kwa sababu amemaliza. Na kilichoanikwa, fundi, hakiendi kuzikwa."

Fundi akakivuta kitabu, akapasoma tena pale. "Na mimi Mwislamu, limenipita hivi hivi."

"Hujakaa eda wewe," jirani akamwambia kwa upole. "Usiombe."

Nikamuuliza, "Na ule mlango wa uani?"

"Labda anatoka tu. Mwalimu, si kila mlango ni fumbo."

Hapo hatukukubaliana, na hadi leo hatujakubaliana. Mimi nasema mlango ule una neno. Jumatatu nilikipeleka kifungu kile darasani, nikawapa alama hata waliopinga maoni yangu, mradi wameonyesha ushahidi.

Jumamosi iliyofuata jirani alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na shuka lake mwenyewe, jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Nishonee foronya, fundi."

Fundi aliligusa, hakulichukua. "Haya ya eda si hutolewa sadaka?"

"Sadaka nitatoa kingine. Hili nimelia nalo miezi yote ile. Nataka lifanye kazi nyingine."

Fundi akamtazama nesi, nesi akanitazama mimi. Nikasogeza vikombe, nikapangusa meza, nesi akashika upande mmoja wa shuka na mimi upande wa pili. Mkasi ulisita, halafu ukaenda moja kwa moja. Jirani alitazama mpaka mwisho, machozi yanamtoka na wala hayafuti, kisha akauliza kama kipande kilichobaki kinatosha pazia la dirisha dogo. Kilitosha.

Siku hizi amerudi kwenye biashara yake ya zamani sokoni, anauza karoti na kabichi zinazoshuka kutoka kwao Mgeta. Jumamosi huchelewa, nasi tunamngoja.