Safari ya Mama Kona Isiyo ya Msiba

Mama mkwe wangu alifanya kazi hospitalini miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa vitanda. Hakuwa muuguzi. Alitoa mashuka machafu, akayapeleka kufuliwa, akarudi na masafi, akatandika. Wauguzi walimwita Mama Kona kwa sababu haondoki kwenye kitanda mpaka kona za shuka zimekunjwa zikanyooka kama bahasha. Muuguzi mgeni akitandika ovyo, yeye hamgombezi. Analivuta shuka lote na kuanza upya mbele yake. Jina likamganda, hata mwanawe, yaani mume wangu, akitaka kumtania humwita hivyo hivyo.

Alistaafu mwezi wa tatu. Wiki tatu alikaa kwenye vyumba vyake viwili nyuma ya nyumba yetu, akifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Jumapili ya nne, tukiwa mezani, akatangaza:

"Nakwenda mjini. Siku tatu. Kwa treni."

Kijiko cha mume wangu kiliishia njiani. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu."

"Basi nani anaumwa?"

"Wote wazima, mwanangu."

"Sasa unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nakwenda mjini."

Katika ukoo wetu mtu hupanda kwenda mjini kwa sababu tatu: kuzika, kuozesha au kupelekwa kwa daktari bingwa. Mama alikuwa amekwenda mara nne, mazishi matatu na harusi moja, na kila mara alifikia jikoni kwa jamaa akakabidhiwa kisu na vitunguu. "Mji wote ule," alisema, "nimeuona kupitia dirisha la jikoni kwa watu."

"Nitakupeleka mwenyewe kwa gari, mama. Mwezi ujao."

"Huo mwezi ujao wako naufahamu tangu una miaka kumi."

Mume wangu alicheka, akidhani yataisha. Kumbe mama yake alishakata shauri. Kesho yake alikwenda stesheni na daftari lake kuukuu la shule, akasimama mbele ya ubao wa ratiba saa nzima, akanakili treni zote zinazopita, pamoja na zile asizozihitaji. Mkata tiketi alimuuliza kwa heshima kama ametumwa na makao makuu.

Nikamwambia, "Mama, siku hizi ratiba ziko kwenye simu."

"Simu ikizima, treni nayo inazima?"

Kuhusu malazi, kazi yangu ilikuwa kutafuta namba za nyumba za wageni tano zilizo karibu na stesheni ya mjini, zile za watu wa kawaida. Yeye akapiga zote, simu ikiwa mezani, sauti nje. Bei hakuianza. "Ukianza na bei," alinielekeza, "wanajua wewe ni mtu wa kukubali chochote." Aliuliza kwanza: kutoka mlango wa stesheni hadi mlango wenu ni dakika ngapi kwa mama mwenye goti bovu? Mlango wa bafu una komeo kwa ndani? Mashuka mnafua wenyewe au mnapeleka nje? Mmoja alimkatia simu. Mwingine alisema picha zote ziko mtandaoni.

"Picha hainuki, baba," Mama akamjibu, akamuaga vizuri.

Wa nne alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema ni dakika kumi na mbili, lakini kwa goti hilo tuhesabu kumi na nane. Komeo lipo, ila sharti uunyanyue mlango kidogo ndipo liingie. Mashuka wanafulia juu ya paa.

Mama aliifunika simu kwa kiganja. "Huyu anaijua nyumba yake."

Ndipo akauliza bei. Ilikuwa nusu ya zile zenye picha nzuri, maana hakuna lifti na bafu moja linatumiwa na vyumba vitatu. Akachagua Jumanne hadi Alhamisi, kwa kuwa katikati ya wiki vyumba vinashuka bei na mabehewa yana nafasi.

Mimi nauza kwenye duka la dawa na nilikuwa na siku za likizo, kwa hiyo nikapangwa kumsindikiza. Mume wangu alinivuta pembeni. "Usimwachie mkono hata dakika moja," akaniambia. Niliahidi. Sasa sikilizeni nani aliyemshika mwenzake mkono.

Sheria ya mzigo ilikuwa moja: mfuko usioweza kuuinua kwa mkono mmoja mpaka begani, hauendi. Niliufungua wangu mara mbili na kutoa viatu. Jumanne saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi tukawa ndani ya treni, Mama dirishani, mayai ya kuchemsha na mkate mapajani, na daftari ndani ya blauzi.

Mambo yaliharibika njia panda, mahali pa kubadilisha treni. Tulishuka saa tatu. Treni yetu ya pili ilikuwa iondoke saa tatu na nusu, na saa tatu na nusu kipaza sauti kikatangaza kwamba injini imeharibika, abiria wasubiri ya saa kumi. Jukwaa lililipuka. Watu walifoka, watoto wakalia, bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi akampigia bosi wake akimweleza kana kwamba ameonewa yeye peke yake. Mimi nilitoa simu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, hakikuleta kitu. Nilishaanza kutunga jinsi nitakavyomwambia mume wangu.

Mama alikaa juu ya mfuko wake, akalowesha kidole, akafungua daftari.

"Saa nne na dakika ishirini," alisema. "Ipo inayobeba mizigo na abiria. Inasimama kila kituo, lakini saa nane iko mjini."

Tulimwendea mfanyakazi wa reli aliyeshika bendera. Alishangaa. "Ile, mama? Watu hawaipandi. Ni ya polepole mno."

"Polepole inakwenda, au haiendi?"

"Inakwenda."

"Jukwaa gani?"

"La nne, kule nyuma. Mvuke daraja."

"Na tiketi hizi?"

"Zinafaa."

Mama akasema asante, akatundika mfuko begani, akashika njia. Hakumwita mtu. Lakini bwana wa mkoba alikuwa amesikia, akafuata. Nyuma yake mwanamke mwenye watoto wawili. Nilipogeuka katikati ya ngazi za daraja, niliona watu kama thelathini wakipanda nyuma ya mama mkwe wangu, ngazi moja, wanapumzika, ngazi moja, wanapumzika, kwa sababu ya lile goti, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumpita.

Ndani ya behewa la viti vya mbao, bwana wa mkoba alimwinamia. "Samahani, mama, wewe ni mtu wa reli?"

"Hapana. Mimi ni mtu wa vitanda."

Alirudi kitini, akaupakata mkoba wake.

Tulifika saa nane na robo, na kwa miguu ikatuchukua dakika kumi na saba. Mwenye nyumba, yule wa sauti ya kukwaruza, alitupokea kwa ufunguo mkononi na kutuonya kuhusu komeo. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu: vitanda viwili vyembamba, meza, na dirisha linalotazama paa lenye kamba za nguo. Mama aliinama akanusa mto, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Kisha macho yake yakateremka kwenye kona za shuka. Zilikuwa zimechomekwa juu juu. Kabla sijasema kitu, alishalivuta shuka lote.

Mlango ukafunguliwa. Mhudumu wa vyumba, dada mwembamba mwenye taulo zetu mkononi, akasimama pale pale.

"Kuna kasoro, mama?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa peke yake na vyumba kumi na vinne tangu asubuhi. Hilo alituambia baadaye, wakati ule alizishika tu zile taulo kifuani.

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamwona Mama Kona akikosa pa kuweka mikono.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Mikono hii ina tabia mbaya. Sikuja kukukagua. Nimekuja kulala."

Yule dada alimtazama, akaweka taulo kitandani kwangu. "Basi leta, nikutandikie, uone ninavyofanya."

Alisimama upande mmoja tu. Alilirusha shuka likatua, akajilaza kidogo, akachomeka upande wa mbali kwanza, akarudi akichomeka wa karibu. Kitanda kilikwisha na hakuwa amezunguka hata hatua moja. "Vyumba kumi na vinne, mama," alisema. "Ukizunguka kila kitanda, saa sita miguu imekwisha."

"Rudia."

Akarudia. Mara ya tatu alijaribu Mama mwenyewe, na yule dada akamsahihisha kiwiko. Walipoachana walikuwa wanacheka kama watu waliosoma pamoja. Mlango ulipofungwa, Mama alikaa kitandani akapangusa jasho.

"Miaka ishirini na saba," aliniambia, "nimezunguka vitanda kama mtu aliyepoteza pete."

Asubuhi ya Jumatano alifungua daftari upande wa nyuma, na hapo ndipo nilipojua tumekuja kufanya nini. Kulikuwa na orodha ndefu, wino wa rangi tofauti, mwingine umefifia. *Kitanda cha 9, dirishani: mifupa ya nyangumi, makumbusho, chini. Kitanda cha 22: soko lenye paa la vioo, uingilie mlango wa maua. Kitanda cha 4, mama wa mapacha: daraja la miguu juu ya reli, simama katikati treni ipite. Kitanda cha 15: jengo la saa, nyuso nne, hazikubaliani.*

"Mama, hawa ni nani?"

Alieleza huku akifunga viatu. Wodi yao ilikuwa ya mifupa, na wagonjwa waliletwa hata kutoka mjini. Mtu aliyevunjika nyonga haamki kitandani. Shuka linabadilishwa akiwa juu yake. Unamgeuza upande, uso ukutani, unamshika mgongo mtupu. "Mtu mzima, ana watoto wake, ana kazi yake, na mimi nimemshika hivyo. Anaona haya mpaka ngozi inakaza. Basi namuuliza: kwenu kuna nini ambacho mimi lazima nikione? Anaanza kunielekeza. Akishafika kwenye kona ya pili ya mtaa wao, amesahau kama ameshikwa."

"Ukawa unaandika?"

"Walikuwa wananielekeza kwa moyo. Ningeacha vipi?"

Tukaenda. Nyangumi alikuwepo, ghorofa ya chini, na ni kweli unapita chini ya mbavu zake kama uko ndani ya nyumba isiyoezekwa. Mama alitembea kutoka mkia hadi kichwa, mikono nyuma, maana mlinzi alishamwona anavyotamani kugusa. Sokoni tuliingilia mlango wa maua. Kwenye daraja tulingoja nusu saa, na treni ilipopita chini yetu daraja zima likatetemeka; alinikamata mkono kwa nguvu akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Jengo la saa halikuwepo. Mtaa ulikuwa ule ule aliouandika, namba ni ile, lakini mahali pake palikuwa na maegesho ya magari. Kijana aliyekuwa akitoza ushuru wa maegesho alisema lilibomolewa miaka sita iliyopita.

Mama alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari ule. "Wa kitanda cha kumi na tano hakurudi kwao," aliniambia taratibu. Halafu akamgeukia yule kijana. "Mwanangu, saa yenyewe ilikuwa wapi hasa?"

Kijana alifikiri, akaonyesha nafasi kati ya magari mawili. "Hapo, mama. Juu hapo."

Akaenda akasimama pale, kitenge kikigusa matope ya gurudumu, akainua uso kuangalia juu. Palikuwa na mbingu tu. Alikaa hivyo dakika nzima, na mwenye gari lililokuwa likitaka kutoka alizima injini akasubiri bila kupiga honi. Kisha Mama akatoa kalamu na kuweka alama ya vema. Mimi niliyetumwa kumlinda nikainama, nikampangusa matope kwenye kitenge.

Alhamisi treni zote zilikuja kwa wakati. Mume wangu tulimkuta stesheni, akidai alikuwa anapita tu. Jioni, mezani, aliuliza kwa kejeli kidogo, "Haya, Mama Kona, mji ukoje?"

Mama akaanza na kitanda cha tisa. Dereva wa lori, alisema, alivunjika miguu yote miwili, alikuwa anaogopa giza. Akaendelea na mama wa mapacha. Mume wangu aliacha kutabasamu. Alikuwa amekua akiijua kazi ya mama yake kwa harufu ya sabuni na maumivu ya mgongo, basi. Sasa alikuwa anauliza: huyo wa ishirini na mbili alipona? Na wa kumi na tano, alikuwa na watu? Alipokata roho, ulikuwa naye wewe?

"Nilikuwa naye," Mama alisema. "Nilikuwa nambadilishia shuka."

Mume wangu alisogeza kiti chake karibu. "Mwingine," alisema.