Matroni na Orodha ya Vyumba

Matroni wa hosteli alivaa funguo zote shingoni kwa kamba ya katani, na hakutandika shuka kabla hajainusa. Sabuni ilikuwa adimu mwaka ule, alifulia majani ya mpapai, na shuka isiyomridhisha aliirudisha kwenye beseni huku akiigombeza kama mtoto mtukutu. Felisian, mhadhiri kijana aliyetumwa Musoma na chuo kikuu kupanga malazi ya mkutano, alimpenda tangu siku ya kwanza. Lakini siku ya wageni kufika kichwa kilimuuma: Wambura, msemaji mkuu, alisimama getini na begi lake, hataki kuingia, hasemi kwa nini, anaulizia gari la kurudi Butiama.

"Nipe orodha," matroni alisema. Kidole chake kilichokunjamana kwa maji kikateremka jina kwa jina, kikasimama. Akacheka hadi funguo zikalia. "Mwalimu! Chumba cha tatu mama Euphrasia, cha nne Wambura? Huyu kaoa binti wa huyu mama! Kwetu mtu halalagi paa moja na mama mkwe wake. Ataoga wapi, ziwani?"

Na hosteli ilikuwa hiyo moja tu. Matroni akafungua kamba, akachomoa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe ng'ambo ya uwanja, akampelekea Wambura pamoja na shuka aliyoinusa mara mbili. Wambura aliupokea kwa mikono miwili, meno yote nje. Matroni aliporudi akailamba penseli, akaandika chini kabisa ya orodha ya chuo kikuu: Stoo ya shuka, mimi.